Jembe la Uvunguni kwa Mama

Mwanjelwa, Mbeya
3 Mei 1976

Kaka Bartolomeo,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, na soksi zako zimenyooshwa pasi kama kawaida. Sisi huku hatujambo. Antoni amepoteza meno mawili ya mbele, sasa anaongea kama mzee wa baraza. Damari ameanza kutembea na kazi yake kubwa ni kuvunja vikombe vya wateja wangu. Mgahawa unakwenda, ingawa sukari tunaitafuta kama dawa. Wifi Roza nampa salamu nyingi. Mama mwambie achue miguu kwa maji moto ya chumvi, asiwasikilize wanaomwambia amelogwa.

Sasa la kuandikia. Kazi ya reli iliyomleta Jailos huku imekwisha. Kibali chake cha kukaa nchini kilifungwa kwenye kazi ile, kwa hiyo nacho kimekwisha. Tulikwenda ofisini, ofisa akatusikiliza kwa heshima. Akasema kama kuna sababu nyingine ya Jailos kukaa, iletwe kwa maandishi kabla ya mwisho wa Septemba. Isipokuwepo, avuke mto Songwe arudi kwao Malawi. Nikamwambia sababu ni mimi. Mimi ni raia, mimi ni mkewe, nitamdhamini. Akasema mke kumfuata mume ni jambo la kila siku, lakini mume kumfuata mke linahitaji hoja nzito, na ndoa yetu haimo katika daftari lolote, si la kanisa si la serikali. Akanishauri nitafute wakili.

Nimekwenda kwa wakili mmoja mjini, ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa. Nilikaa kwenye kiti asubuhi nzima nikitazama feni. Nilipoingia hakunitazama usoni, alitazama viatu. "Mwenye kesi yuko wapi?" Nikasema mwenye kesi ni mimi. "Mama, mlete mumeo au kaka yako, haya si mambo ya maandazi." Kisha akataja ada yake. Kaka, kwa ada ile ningefungua mgahawa wa pili, nikaweka mtu mlangoni wa kufukuza watu kama yeye.

Wewe unajuana na watu wa Iringa. Nitafutie wakili ambaye mtu wa kawaida anaweza kumlipa. Najua Jailos humpendi. Sikuombi umpende, nakuomba jina la wakili.

Mdogo wako,
Matilda

*

Iringa
29 Mei 1976

Mdogo wangu Matilda,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na doa la chai, na sina haja ya kuuliza limetoka wapi. Sisi ni wazima. Tangu tuhamishiwe kijiji kipya tope halijatuacha, lakini shule imepata bati na mimi nimepata kabati. Roza amejiunga na kisomo cha watu wazima. Anashika kalamu kama mwiko, ila sitaki kumvunja moyo. Mama ni mzima kupita kiasi. Analima maharage kama mtu mwenye ugomvi na ardhi. Ana jembe lake moja hataki Roza aliguse. Akirudi shamba hulifuta na kulilaza uvunguni mwa kitanda. Ndio uzee huo. Mimi, unajua, majembe tuliagana nilipoingia chuo cha ualimu. Shamba la shule wanalima wanafunzi, mimi nasimamia.

Habari yako nimeisoma, nikacheka mpaka Roza akaja kutazama kuna nini. Mwanamume mzima, ndevu kidevuni, anadhaminiwa na mwanamke kama baiskeli ya mkopo! Na hilo neno "mke" unaliandika kwa ujasiri kweli. Nikukumbushe. Mwaka sabini huyo bwana alimtuma mshenga wake, yule Asukile wa Tukuyu, na jembe la posa limefungwa kwenye gazeti. Nilimweka kwenye benchi la nje na hapo hapo alipata jibu lake: binti wa marehemu Antoni hatumtoi kwa mtu ambaye kwao hatukujui. Desturi ya kwetu unaijua. Jembe la posa likikubaliwa hutiwa mpini na kulimiwa. Likikataliwa hurudi lilivyokuja, bila mpini. Niliamuru lirudishwe. Kwa hiyo wewe hukuolewa, Matilda. Ulihama tu.

Hata hivyo mimi si mtu wa roho mbaya. Nenda mjini Iringa kwa Bwana Timotheo. Tulisoma pamoja. Ni wakili mkubwa, ana suti ambayo mshahara wangu wa miezi mingi hauigusi. Mtaje Mwalimu Bartolomeo, atakupokea vizuri.

Kaka yako,
Mwl. Bartolomeo

*

Mwanjelwa, Mbeya
27 Juni 1976

Kaka,

Shikamoo. Huku baridi imeshika, maji ya kuoshea vyombo yanauma vidole. Watoto wana mafua. Jailos amepata vibarua vya kuchomelea mageti, anavifanya uani ili asionekane sana barabarani. Hajambo, anakusalimu. Najua salamu hiyo utairuka, lakini nimeiandika.

Kabla jibu lako halijafika nilinaswa na mtu mmoja anayewaandikia watu barua kwenye baraza karibu na posta. Anavaa tai na kandambili. Anajiita mwanasheria wa wanyonge. Aliniandikia ombi la kurasa nne. Ya kwanza ilikuwa pongezi kwa wakulima na wafanyakazi. Ya pili ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ya tatu ilieleza ubaya wa ubepari tangu ulipoanza. Jailos alijitokeza mwishoni kabisa, tena kama "ndugu mmoja mpenda maendeleo". Neno "mume" halimo hata kwa bahati mbaya. Ofisa alisoma zote nne, maskini, akaniambia kwa upole kwamba hakuona ninaomba nini.

Basi nikafunga mgahawa nikapanda basi kumfuata wakili wako mkubwa. Nyololo gurudumu likapasuka, tukasimama kando ya barabara baridi ya Mufindi inatutafuna hadi kwenye mifupa. Nikafika. Suti Bwana Timotheo anayo, hapo hukusema uongo. Lakini si wakili, kaka. Ni dalali wa mahakama! Nilimkuta uani ananadi kitanda cha mdaiwa, na mwenye kitanda amesimama pembeni anafuta machozi. Nilipotaja jina lako alifikiri kidogo akasema, "Bartolomeo? Yule aliyekuwa ananakili hesabu zangu?" Halafu akaniuliza kama nahitaji kabati. Nimeelewa sasa lako limetoka wapi.

Sikupita nyumbani kwa sababu basi la kurudi lilikuwa linaondoka. Mama usimwambie nilikuwa Iringa.

Matilda

*

Iringa
20 Julai 1976

Matilda,

Marahaba. Wote wazima. Kabati ni zuri na sikukuomba maoni.

Dalali naye ni mtu wa mahakama. Mtu hawezi kujua kila cheo cha kila rafiki wa shule.

Basi la kurudi Mbeya haliondoki mchana. Mimi ni mwalimu lakini saa za mabasi nazijua. Ulikuwa mjini, na kutoka mjini kuja Tosamaganga hata mtoto anatembea, na kutoka Tosamaganga kwetu unapajua. Mama yako akaikosa sura yako. Sikumwambia, maana barua zako namsomea yale yanayomfaa tu. Ameuliza lini utamletea Damari amwone. Nimesema barabara ni mbaya.

Sasa nisikilize walau mara moja. Wakili ghali humwezi, wakili rahisi hayupo, na hata angekuwepo angeombea nini? Mwache huyo bwana aende kwao. Akishavuka Songwe atakuwa na mwanamke mwingine kabla tope la mto halijakauka miguuni. Watoto walete kwangu. Antoni atasoma shule yangu na kukaa mbele ninapomwona. Ana jina la babu yake, apate na ukoo wa babu yake. Huyo wa kike, uliyempa jina la mama wa huyo bwana bila kutuuliza, naye tutampokea.

Kaka yako,
Mwl. Bartolomeo

*

Mwanjelwa, Mbeya
8 Agosti 1976

Kaka,

Shikamoo. Mafua yamekwisha. Maharage yamepanda bei. Kuhusu kuwaleta watoto sijibu, kwa sababu nikijibu nitasema neno ambalo mdogo hamwambii mkubwa.

Wakili nimempata.

Nina mteja anaitwa Nkuba, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake. Akileta mchele mjini hula kwangu. Aliniona nimekaa na sufuria mikononi sisongi wala sipakui, akauliza. Nilipomweleza akasema, "Nenda kwa mzee Liberatus. Atakutukana mpaka utake kutoka. Usitoke. Mimi alinitukana na ng'ombe wangu wote, halafu akanishindia kesi."

Mzee Liberatus alikuwa hakimu, alipostaafu akaanza uwakili nyuma ya nyumba yake. Kuku wanapita chini ya meza. Nilimpa ombi la yule wa kandambili. Alisoma mistari michache akaliweka chini kwa vidole viwili.

"Nani ameandika takataka hii?"

Nikamwambia.

"Na wewe ukakubali kuibeba! Haya. Mna ndoa?"

"Tuna watoto wawili, mzee."

"Sikuuliza kama mnazaa. Hata mbuzi wanazaa. Mna ndoa?"

Nikamweleza ya kimila, haikuandikishwa. Akashusha miwani. Alisema sheria mpya inataka ndoa iandikishwe, lakini kutoandikishwa hakuiui ndoa, kunaifanya isionekane tu. "Nionyeshe kwamba ipo, nitaiandikisha. Ikishaandikwa nitaandika ombi la ukurasa mmoja, na atakayelikataa atalikataa kwa aibu. Posa ilikuwa nini?"

"Jembe."

"Nani alilipokea?"

"Kaka yangu. Baba alikuwa ameshafariki."

"Lilitiwa mpini?"

"Kaka anasema aliamuru lirudishwe."

"Aliamuru!" Kaka, alicheka mpaka kuku wakatoka. "Nimekuwa hakimu tangu nina meno yote, na ninachoamuru mimi hata mke wangu hakitii. Sijakuuliza aliamuru nini. Nimekuuliza jembe lilirudi au halikurudi. Kama lilirudi, huyo Jailos ni mpita njia aliyekuzalisha. Kama lilibaki likalimiwa, ni mume, hata kaka yako akinuna mpaka kiama."

Nikamuuliza ada yake huku nimejikaza kama mtu anayesubiri sindano. Akasema, "Mke wangu amekwenda Tukuyu kwa binti yetu anayejifungua. Chakula changu cha mchana kila siku mpaka kesi iishe. Ukipika vibaya naiacha." Nampikia. Jana alisema mchuzi wangu una chumvi ya mtu asiye na hatia.

Asukile ameitwa, ameapa kwamba jembe halikuwahi kurudi kwake. Anasema alikaa kwenye benchi lako la nje, hakupewa hata maji, akaondoka mikono mitupu. Hakudai jembe kwa sababu alishatukanwa vya kutosha siku ile.

Kwa hiyo nakuuliza, kaka. Jembe la Jailos liko wapi?

Matilda

*

Iringa
24 Agosti 1976

Mdogo wangu,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu. Shule inajiandaa kwa mashindano ya kwaya na nimechaguliwa kusimamia sauti ya tatu. Sabuni imeadimika, mashati yangu meupe yameanza kuwa na rangi ya uji. Roza amefika kitabu cha pili cha kisomo na sasa anasoma maandishi ya kwenye debe la mafuta kwa sauti kubwa, usiku tunasikilizana kwa shida. Mama alikwenda Igowole kwenye msiba wa binamu yake na amerudi salama. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Padri alitutembelea Jumapili, akasifu kabati.

Huyo mzee wako wa kuku simjui, na sijavutiwa na lugha yake.

Habari za jembe sikumbuki vizuri. Tulihama, vitu vingi vilipotea njiani. Mtu wa kazi kama zangu hawezi kukaa anahesabu vyuma.

Msalimie Antoni.

Mwl. Bartolomeo

*

Mwanjelwa, Mbeya
2 Septemba 1976

Kaka,

Umenieleza kwaya, sabuni, mbuzi, padri na debe la mafuta. Umejibu kila kitu ambacho sikukuuliza. Ningekuwa mwanafunzi wako ungenichapa kwa jibu kama hilo.

Nimekuogopa tangu baba afariki, na nilidhani hofu ile ni heshima. Haikuwa. Nilipita Iringa bila kuja nyumbani kwa sababu ulisema mbele ya watu kwamba siku nitakayoleta mguu wenye vumbi la nyumba ya Jailos utafagia nyayo zangu. Unakumbuka? Hilo ndilo basi lililokuwa linaondoka.

Mwisho wa mwezi huu mume wangu anatolewa. Antoni amemuuliza baba yake mto Songwe ni mpana kiasi gani. Mzee Liberatus anasema bila neno la ndugu aliyesimama mahali pa baba hawezi kwenda popote, na shauri ameliombea tarehe ishirini na nne mbele ya hakimu.

Sikuombi huruma. Najua huna, na ungekuwa nayo ungeiweka kwenye kabati. Nijibu neno moja tu: jembe lilitiwa mpini, au halikutiwa?

Matilda

*

Iringa
15 Septemba 1976

Matilda,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia.

Barua yako haikunikuta. Nilikuwa kwenye kwaya. Aliyeipokea ni Roza, na Roza, serikali imshukuru, sasa anajua kusoma. Alimsomea mama yote, kwa sauti ile ile ya debe la mafuta, pamoja na habari za nyayo na kabati. Nimekuta jirani wawili uani kwangu wanajua mambo yangu kuliko mimi.

Mama alikuwa amekaa kitandani. Hakunikaribisha.

"Mwanangu Matilda alikuwa Iringa," akasema, "nawe ukaniambia barabara mbaya."

Nikamwambia nilitaka asisumbuke. Akaniambia nichungulie uvunguni. Matilda, mimi ni mwalimu mkuu msaidizi. Nilipiga magoti sakafuni na suruali yangu ya kwaya, nikatoa jembe. Chuma chake kimelika mpaka kimebaki nusu. Mpini umeng'aa kwa kushikwa.

"Hilo ndilo," mama akasema.

"Lakini niliagiza lirudishwe."

"Uliagiza. Nami nilisikia. Masikio yangu hayana tatizo."

"Sasa kwa nini ukalitia mpini?"

"Kwa sababu mwanangu alishapenda, na jembe lilikuwa zuri. Wewe ulitaka chuma kizuri kama kile kirudi Mbeya kwa sababu ya pua yako? Nililitia mpini wiki ile ile. Maharage unayokula ni ya jembe hilo. Mahindi ya mwaka ule wa njaa, wenzetu walipokula unga wa njano, wewe ulikula ya jembe hilo. Ungeshika jembe hata siku moja ungelitambua."

Roza alikuwa amesimama mlangoni. Nikamuuliza kama alijua. Akasema kijiji kizima kilijua, hata wanafunzi wangu.

Sikulala vizuri. Si kwa ajili ya huyo bwana, usijidanganye. Bado namwona mtu aliyetoka hewani, na wewe umemng'ang'ania kwa ukaidi ambao sijui uliurithi kwa nani. Lakini siwezi kusimama mbele ya hakimu na kusema sikula nilichokula. Hata mdomo wangu una mpaka wake.

Tutakuja Alhamisi, mimi na mama. Mama anakuja na jembe lake, na ameapa halitapanda juu ya basi pamoja na mizigo.

Mwl. Bartolomeo

*

Mwanjelwa, Mbeya
12 Oktoba 1976

Kaka Bartolomeo,

Shikamoo. Barua hii naiandika kwa ajili ya wifi Roza, aliyebaki kulinda nyumba. Najua umeshamhadithia kilichotokea mahakamani, na najua kwamba katika hadithi yako hakimu alisimama kukupa heshima. Wifi, soma mwenyewe ya kweli.

Mama aliingia amelikumbatia jembe kama mtoto. Askari akataka kulishika, mama akamsalimu kwanza kwa Kihehe, "Kamwene, mwanangu, hili halishikwi na mtu asiyelima." Asukile akaeleza alivyolileta. Kisha akaitwa mumeo. Amevaa koti, mwavuli mkononi, na jua kali nje.

Hakimu akamuuliza kama analitambua jembe. Akajibu, "Nalitambua kwa kuelezwa."

Hakimu akauliza tena: amekula chakula kilicholimwa nalo? Kaka akatazama dari. Chumba kizima kikatazama dari tuone kuna nini. Mzee Liberatus akasimama. "Mheshimiwa, shahidi ni mwalimu. Labda tumwandikie swali ubaoni." Watu wakacheka. Na mama akasema kutoka nyuma, bila kuitwa, "Amekula. Tena huongezwa."

Hapo nilimwonea huruma kaka yangu, kwa mara ya kwanza tangu anibebe mgongoni nikiwa mdogo. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nilidhani ataondoka. Badala yake akafunga mwavuli vizuri, akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Nimekula. Kwa miaka sita. Kwa desturi ya kwetu, nyumba iliyokula imepokea. Matilda ni mke wa Jailos." Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina hilo kinywani mwake. Nililia pale pale, wala sikujificha.

Ndoa imeandikwa. Mzee Liberatus aliandika ombi la ukurasa mmoja kama alivyoahidi, na juzi Jailos amepewa kibali cha miaka miwili, kitatazamwa tena kikiisha. Amekiweka chini ya godoro, kila asubuhi anakiangalia kama bado kipo. Mzee Liberatus mkewe amerudi kutoka Tukuyu, lakini anasema chakula cha nyumbani kimekuwa cha mtu mwenye hatia, kwa hiyo bado anakuja kula kwangu. Sasa analipa.

Nimesema asante kwa mama. Kwako sijui niseme nini, kaka. Uliapa ukaokoa nyumba yangu, halafu stendi Jailos alipokunyooshea mkono ukampa mwavuli aushike, ukapanda basi, ukaupokea dirishani. Alibaki na mkono hewani mbele ya watoto wake. Aliniambia hajali. Usiku nilimsikia anageuka-geuka.

Matilda

*

Iringa
7 Novemba 1976

Mdogo wangu Matilda,

Marahaba. Mvua za kwanza zimenyesha. Kwaya yetu imekuwa ya pili, kwa makosa ya sauti ya kwanza. Roza amesoma barua yako kwa jirani wote, kwa hiyo huna haja ya kuituma gazetini.

Masikio yangu hayakuwa mekundu.

Kuna shida ndogo. Kondakta wa basi la kurudi, mtu asiye na akili kabisa, alikalia jembe la mama, na mpini ukapasuka. Wakati wa kulima umefika na mama amekaa bure ananitazama. Nimejaribu kulitia mpini mwingine mwenyewe. Nilikata mti, nikachonga alasiri nzima, viganja vimetoka malengelenge na wanafunzi wamekuja kushangaa. Chuma kimechomoka mara mbili, mara ya pili kimemkosa jogoo wa Roza kidogo sana. Nikataka kumwita fundi wa kijiji. Mama amekataa. Anasema jembe lile halitiwi mpini na mtu wa kukodi wakati aliyelileta yupo hai na ana kibali.

Kwa hiyo mwambie shemeji aje, kabla maharage hayajachelewa. Aje na vifaa vyake, maana vyangu ni chaki. Njoo naye, mlete watoto, na miguu yenu msiifute mlangoni.

Benchi la nje limeoza na nimelichanja kuni. Itabidi akae ndani.

Kaka yako,
Bartolomeo